Hatua Tatu za Barabara

Walimu wapya wakiripoti Bariadi, swali lao la kwanza ni chumba cha kupanga. Kabla mwaka haujaisha linakuja la pili: kiwanja ambacho mshahara wa mwalimu unaweza kukimudu kinapatikana wapi? Huwa nawajibu kwamba viwanja vipo, tena vya bei nafuu, lakini mtu asiende saiti na kuuliza bei tu. Aangalie udongo. Aulize majirani wanachota maji wapi. Halafu asimame katikati ya hicho kiwanja ajiulize lori la mchanga litapita wapi. Hili la mwisho ndilo watu wengi hawaliulizi, na ndilo linaloamua mtaa utakuwaje miaka ishirini ijayo.

Ninaishi upande wa Nyaumata, nje kidogo ya mji, si mbali na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Meatu, na mume wangu ni fundi wa kupaua. Kabla ya kuhamia kwetu tulikuwa wapangaji huko Somanda, chumba na sebule, choo cha kuchangia na familia nyingine, kodi ya miezi sita inalipwa kwa mkupuo. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema. Lakini kila alipopandisha kodi alikuwa na sababu ya kweli, na sababu yenyewe ilikuwa mji wenyewe unavyokua.

Simiyu ilianzishwa kuwa mkoa Machi 2012, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikakatwa kutoka Magu ya Mwanza, Itilima ikazaliwa kutoka Bariadi. Mji uliozoea kuchangamka wakati wa pamba tu ukajikuta ni makao makuu ya mkoa. Zikaja ofisi, zikaja benki, wakaja watumishi waliohamishwa na familia zao, na wote walihitaji pa kulala. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa mzima. Ya 2022 ikakuta 2,140,497. Ikaja lami ya kwenda Lamadi, ziwani. Zikaja sherehe za Nane Nane za kitaifa, zilizofanyika viwanja vya Nyakabindi kuanzia 2018 hadi 2020, na kila msimu wa maonyesho wenye mashamba kando ya barabara walijifunza upya thamani ya walichokuwa wakikilima.

Basi mashamba ya pamba yakaanza kukatwa. Inavyokwenda ni hivi. Mzee ana ekari zake alizolima tangu ujana. Mwaka mmoja mvua inakatika, au mtoto anafaulu kwenda chuo, au kuna mgonjwa wa kupelekwa Bugando, Mwanza. Mzee anaita dalali, wanapima kwa miguu, hatua ishirini kwa ishirini, wanachomeka mche wa minyaa kila kona. Mnunuzi anakuja na mashahidi wake, mzee anakuja na watoto wake wakubwa ili baadaye asitokee wa kusema hakuambiwa, na wote wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikiana karatasi ya mauziano. Sisi tulinunua hivyohivyo. Bei tuliyolipa ilikuwa ndogo kuliko kodi ambayo tungelipa Somanda kwa miaka mitatu.

Unafuu wa pembeni ya mji unaanzia hapo, ila hauishii hapo. Kikubwa zaidi ni uhuru wa kujenga kidogokidogo. Huko Marekani, vitongoji vya watu wa kipato cha kawaida vilienea baada ya Vita Kuu ya Pili kwa njia nyingine kabisa: kampuni moja ilijenga nyumba kwa maelfu mahali pamoja, kama ilivyofanyika Levittown, New York, kuanzia 1947, na mnunuzi akahamia nyumba iliyokamilika huku akilipa benki kwa miaka hata thelathini. Kwetu benki inayokopesha nyumba ipo, na tangu 2010 ipo taasisi ya TMRC iliyoanzishwa ili kuzipa benki fedha za mikopo ya muda mrefu, lakini mikopo yenyewe nchi nzima bado inahesabiwa kwa maelfu machache. Fundi wa kupaua hana hati ya mshahara ya kupeleka benki. Muuza dagaa hana. Benki yao ni rundo la tofali.

Mtaani kwetu unaweza kusoma hali ya mtu kwa kuangalia nyumba yake imefika wapi. Kuna msingi uliomwagwa zege na kuota nyasi. Kuna maboma yaliyosimama bila bati, mlango mmoja umezibwa kwa miiba ili mbuzi wasilale ndani. Kuna waliopaua wakahamia hapohapo, madirisha yamezibwa kwa mabati ya zamani, chini hakuna jamvi, udongo mtupu unaonyunyiziwa maji kila asubuhi. Mkulima huongeza kuanzia Mei, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa. Mtumishi huongeza zamu yake ya mchezo inapofika, au kikoba kinapovunja mzunguko. Kwa hiyo mume wangu kazi zake nyingi huangukia Juni hadi Agosti. Miezi hiyo nyundo husikika kutoka pande zote, na ukimuuliza mtu kwa nini hakuonekana kanisani atakwambia fundi alikuwa juu ya kenchi.

Nimesema udongo utazamwe kwanza, na hili naomba nilieleze polepole kwa sababu limevunja nyumba za watu ninaowafahamu. Wasukuma tuna majina ya udongo kwa sababu tumeulima vizazi na vizazi. Kuna luseni, udongo wa kichanga wa sehemu za juu na miteremko, mwepesi, unaokunywa maji haraka. Na kuna mbuga, ule mweusi wa mabondeni, mzito, mzuri sana kwa mpunga na pamba. Kiangazi ukienda kwenye mbuga utakuta ardhi imepasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mvua zikianza udongo huo hunywa maji, huvimba, nyufa hujifunga, na gari likiingia halitoki. Kila mwaka unasinyaa na kuvimba. Mkulima hilo halimsumbui. Nyumba inalihisi.

Viwanja vya mbugani ndivyo vya bei ya chini kabisa, na ndivyo dalali anavyowaonyesha wageni mwezi wa Agosti, udongo ukiwa mkavu na mgumu na unaoonekana kuweza kubeba chochote. Mtu anajenga msingi wa kawaida, kozi chache za mawe na tope la saruji, anapandisha ukuta, anapaua. Mwaka wa kwanza unapita. Mwaka wa pili ufa mwembamba unatokea kwenye kona ya dirisha na kupanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali hadi kwenye lenta. Anauziba kwa lipu. Mvua zinazofuata ufa unarudi ukiwa mpana zaidi na mlango hauingii tena kwenye fremu yake.

Dawa yake mafundi wanaijua. Unachimba ule weusi wote mpaka unakutana na udongo mgumu chini, unautoa, unajaza moramu na kuishindilia kwa tabaka, halafu unamwaga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka msingi mzima kabla ya kuanza ukuta. Unanyanyua jamvi juu ya usawa wa ardhi, na unayaelekeza maji ya bati mbali na ukuta. Ni kazi ya gharama. Kwa hesabu ya mume wangu, aliyenunua mbugani kwa bei ya chini anaweza kumaliza kwenye msingi fedha ambayo ingemnunulia kiwanja cha luseni kule juu ikabaki chenji. Kabla ya kulipa, chukua jembe, chimba shimo la kimo cha goti katikati ya kiwanja, uone kinachotoka. Mzee mwenye shamba hatakukatalia. Mara nyingi ukimuuliza kwa heshima, atakwambia mwenyewe hapo alikuwa akilima nini, na jibu lake ni kipimo tosha: pakiwa pa mpunga, hapo maji yanasimama.

Maji ya matumizi tunayapata kwa kuunganisha njia. Kuna kisima cha pampu ya mkono upande wa chini, foleni yake inaanza kabla jua halijatoka. Kuna vijana wa baiskeli wanaoleta madumu ya lita ishirini, yamefungwa kwa mpira, na bei hupanda kiangazi kinapokaza. Nyumba yenye bati zuri na mfereji wa kukinga mvua ina nafuu kubwa tangu Novemba hadi Mei. Tanki la plastiki ndilo linalofuata kununuliwa baada ya mlango. Mji una mamlaka yake ya maji, BARUWASA, na upo mpango mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega hadi Itilima na Bariadi, kisha Maswa na Meatu, uliopata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa kushirikiana na Ujerumani na serikali yetu. Hakuna kikao cha mtaa kinachopita bila mtu kuuliza bomba hilo kwetu litaingia lini. Mimi nilikulia Meatu, ambako kiangazi mama zetu walifukua mchanga wa mto mkavu wakasubiri maji yajikusanye ndani ya shimo. Naelewa kwa nini swali hilo huulizwa kwa sauti ya juu.

Umeme una jambo lake ambalo wageni hulishangaa. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya mita thelathini kutoka kwenye nguzo, ni Sh320,960, na kijijini ni Sh27,000. Sasa mtaa wetu umo ndani ya eneo la mji, na nyuma ya uzio wangu kuna pamba na ng'ombe. Kwa macho ni kijiji, kwa makaratasi ni mji. Familia nyingi zimekaa na paneli ndogo ya jua juu ya bati kwa muda mrefu huku zikijazia akiba ya umeme. Kodi ya jengo nayo, tangu Agosti 2021, inakatwa kwenye LUKU kila mwezi; ilianza na Sh1,000 kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa baadaye.

Yote hayo mtu anaweza kuyarekebisha siku akipata fedha. Msingi unaweza kuimarishwa, tanki likanunuliwa, umeme ukavutwa. Barabara haiji hivyo. Nyumba zikishasimama pande zote, barabara hupatikana kwa kuvunja nyumba ya mtu.

Mzee aliyetuuzia alikata viwanja vikigusana, mpaka kwa mpaka, kwa kuwa kila hatua inayoachwa ni hatua isiyolipiwa. Simlaumu, ardhi ndiyo ilikuwa mafao yake ya uzeeni. Kulikuwa na kinjia cha ng'ombe kinachoelekea lamboni, na hicho ndicho tulichokuwa tukipita. Malori ya mchanga yalimwaga mzigo kando ya barabara kubwa, na tukawalipa vijana wa mikokoteni kuuingiza ndani. Gharama hiyo kila mtu aliilipa bila kuiandika popote. Mchanga trip moja ukawa kama trip moja na nusu, na vilevile kokoto, tofali, mbao na bati.

Kilichotuamsha ni usiku wa jirani yetu mjamzito. Taa za Hospitali ya Rufaa zinaonekana kutoka mlangoni kwake. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, bodaboda walikataa kuingia kwa sababu ya tope, na wanaume walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakianguka na kuinuka. Alijifungua salama, mtoto wa kike, na kesho yake hapakuwa na mtu mtaani aliyekuwa akizungumza jambo jingine.

Tukaitana kikao nyumbani kwa mwenyekiti. Pendekezo lilikuwa kwamba kila aliyepakana na kinjia atoe hatua tatu, wa kulia na wa kushoto, ipatikane njia ya hatua sita kutoka barabara kubwa hadi mwisho wa viwanja. Mzee mmoja, mwenye heshima yake, akasimama. Alikuwa ameshapiga hesabu.

"Mwalimu, wewe unafundisha hisabati," akaniambia. "Sisi huku upande mmoja tuko kumi na wawili. Kila mmoja hatua ishirini mbele, tatu kwenda ndani. Umepata ngapi?"

"Mia saba na ishirini, mzee wangu."

"Na kiwanja kimoja ni mia nne. Basi mnataka tutupe karibu viwanja viwili. Nani atavilipa?"

Watu wakanyamaza, maana hesabu ilikuwa sahihi. Aliyejibu ni bibi anayeuza michembe ya viazi na karanga pale njia panda, ambaye kwa kawaida vikaoni hukaa nyuma na hasemi. Alisema, "Baba, mimi naanza kuchoka. Siku nikifa mtanipitisha wapi? Mtaniinua juu ya minyaa?"

Kwetu mtu kuzikwa kwa heshima si jambo la kujadili. Yule mzee alikaa, na baada ya hapo mazungumzo yakawa ya namna ya kutoa, siyo tena ya kama kutoa au kutotoa. Mmoja alikuwa na shimo la choo ndani ya zile hatua tatu; majirani walichanga tofali na siku za kazi, tukamchimbia jingine nyuma ya nyumba. Mwingine kiwanja chake kilikuwa chembamba kwa mbele, akaombwa atoe mbili, na wa ng'ambo yake akaongeza ya nne kwa hiari yake. Aliyegoma alikuwapo, na kwa miezi kadhaa njia ilipinda kumzunguka, mpaka alipotaka kuleta lori lake la kokoto. Tuling'oa minyaa siku moja ya Jumamosi, tukiwa na vitambaa usoni, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni ni mateso.

Baada ya hapo mambo yalifuatana yenyewe. Boza la maji likaanza kuingia. Nguzo za umeme zikafuata barabara, na nyumba ambazo zilikuwa nje ya zile mita thelathini zikajikuta ndani. Wapima walipokuja kwa kazi ya urasimishaji wa makazi walikuta njia imeshanyooka, wakaiweka kwenye mchoro kama ilivyo. Kwa wenzetu wa upande wa chini, ambako kila mtu alijenga hadi mwisho wa mpaka wake, mchoro ulipitisha barabara kwenye kona ya nyumba ya watu, na shauri hilo bado halijaisha. Urasimishaji ni jambo jema. Serikali iliweka kikomo cha gharama, Sh150,000 kwa kiwanja, ili mwananchi wa kawaida amudu, na mwisho wake ni hati miliki, maana kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi tunamilikishwa kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mauziano ya mwenyekiti haifiki huko. Ila urasimishaji unakuja baada ya nyumba kujengwa. Unaandika kilichopo.

Tanzania tumewahi kufanya kinyume chake, na matokeo yake yanaonekana hadi leo. Miaka ya 1970 na 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliendesha mradi wa viwanja na huduma katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Tanga, Tabora, Morogoro, Mbeya na Iringa. Sehemu nyingine za mradi zilikuwa za kuboresha mitaa iliyokwishajengwa kiholela. Nyingine zilianza kwenye eneo tupu: zikachorwa barabara, likalazwa bomba, vikapimwa viwanja, na watu wakaachwa wajenge wenyewe kwa kadiri ya uwezo wao. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni za Dar es Salaam zilizaliwa hivyo. Mwanauchumi Guy Michaels wa London School of Economics na wenzake walirudi kuitazama mitaa hiyo miongo kadhaa baadaye, na utafiti wao ulichapishwa 2021. Waliona kwamba iliyoanza na viwanja vilivyopimwa ina nyumba kubwa zaidi na bora zaidi, zilizopangika, zenye barabara na maji, kuliko maeneo jirani. Ile iliyoboreshwa baada ya kujengwa haikuwa na nafuu ya namna hiyo. Hawakujengewa nyumba watu wa Sinza. Walichopewa ni njia na mipaka kabla ya tofali la kwanza.

Ndiyo maana ninaisema hoja hii kila ninapopata nafasi, na ninaiandika hapa nikiwa na halmashauri yetu ya mji akilini, na wenzao wa Maswa, Mwanhuzi na Lagangabilili, ambako mji unakua kwa namna hiyohiyo. Najua kupima viwanja vyote ni gharama na wapima ni wachache. Basi zipimwe barabara peke yake. Mpima na wasaidizi wake wapite kwenye mashamba yanayozunguka mji, wasimike nguzo za zege kuonyesha barabara kubwa na za katikati zitapita wapi, na mwenyekiti wa mtaa apewe ramani yake. Baada ya hapo mzee akate viwanja vyake apendavyo, auze kwa bei aitakayo. Asivuke nguzo tu. Kiwanja chenye barabara kina bei nzuri, kwa hiyo hata yeye hatapoteza. Sisi tulilipia barabara yetu kwa ardhi, kwa tofali na kwa usiku wa yule mama. Wanaokuja nyuma yetu hawana haja ya kuilipia hivyo.

Nisiache mtu afikiri kwamba maisha ya huku ni adha tupu. Nimelala huku usingizi ambao Somanda sikuujua. Asubuhi napita njiani nikisalimiwa "mwangaluka mayu" kutoka kila ua, na najua ndani ya kila ua kuna nani. Nina nafasi ya kuanika nsansa za majani ya kunde na michembe bila kuomba ruhusa ya mtu. Nina kuku, nina mipapai, na mlenda unajiotea wenyewe mvua zikianza. Maziwa tunachukua kwa jirani mwenye ng'ombe, ya moto asubuhi na mgando jioni. Dagaa na sato vinatoka Lamadi kwa pikipiki. Watoto wanacheza mpaka giza linaingia na hakuna anayewakaripia kwamba wanamchafulia ukuta. Shida yao ni umbali wa shule: wale wa madarasa ya chini wanatembea mbali mno, na kuna siku za mvua naita majina darasani nikijua kabisa nani yuko ng'ambo ya korongo na kwa nini hakuja.

Usiku tunalindana. Sungusungu ilianza huku Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wezi wa ng'ombe walipozidi, na mtaa wetu, ingawa umo mjini, bado una ntemi wake wa ulinzi na orodha ya zamu. Mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukipigwa, kila mwanaume mwenye afya hutoka. Mtumishi mgeni aliyezoea kulipa mlinzi na kufunga geti huona tabu mwanzoni, hasa anapotozwa faini kwa kutotokea. Akipata msiba ndipo anaelewa. Daftari la kufa na kuzikana ni hilohilo lenye orodha ya zamu, na watu watakaochimba kaburi ni walewale wa zamu ya usiku. Kwa familia isiyo na bima wala ndugu karibu, hilo lina uzito kuliko bei ya kiwanja.

Sasa hivi kamati yetu ya mtaa ina kazi moja. Barabara yetu inaishia kwenye shamba la mzee mwingine, ekari kadhaa za luseni nzuri, bado lina pamba. Madalali wameanza kumtembelea. Tulikwenda kumwona, mwenyekiti, mume wangu na mimi, tukiwa na kamba ya katani yenye mafundo ya kupimia. Tulimwomba mambo mawili: barabara ya hatua sita ipite katikati ya shamba kabla hajauza hata kiwanja kimoja, na pale juu, penye mwembe, mtaa ununue kwake eneo la shule shikizi ili wadogo wasivuke korongo. La barabara alilikubali bila ubishi; alikuwapo usiku ule wa kitanda cha kamba, alishika mguu mmojawapo. La shule alisema lazima aongee na watoto wake, na kwamba mtaa uje na bei kamili mkononi, siyo ahadi. Michango imeanza, daftari lipo kwangu. Ametupa muda wake: msimu uishe, auze pamba, ang'oe na kuchoma masalia kabla ya tarehe 15 Septemba kama utaratibu wa zao unavyotaka. Shamba likiwa jeupe, twende na kamba.